Mkunga na Yavuyavu: Utoto Uliofichwa Baharini

Usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii hutumiwa sana katika mazungumzo ya kila siku, lakini leo, msomaji, nataka tuipeleke baharini, tuijaribu kwa viumbe wawili: mkunga na yavuyavu. Ukimwuliza mvuvi wa Lamu au wa Vanga tofauti iliyopo baina yao, yamkini atacheka akidhani kwamba unamfanyia mzaha. Mkunga ni samaki mrefu mfano wa nyoka. Huvuliwa, hukatwa vipande, hupikwa. Yavuyavu ni kiumbe mtepetevu kama uji ulioganda; aingiapo wavuni hutupwa, na mkono umgusao huwashwa. Nani asiyeweza kuwatenga wawili hawa?

Lakini kutenga vitu kwa macho ni jambo moja, na kujua asili yake ni jambo jingine. Wanadamu walichukua zaidi ya miaka elfu mbili kuipata elimu hiyo ya pili, na katika safari hiyo watu wenye akili nyingi walipotea njia mara kwa mara. Historia ya kupotea kwao, na ya kuiona njia tena, ndiyo nitakayokusimulia.

Yafaa kwanza tuwaweke viumbe hawa mezani, tuwatazame. Mkunga ana uti wa mgongo kama wewe na mimi. Mkunga wa mito ya Ulaya ana pingili za uti zipatazo 110 hadi 119, na kwa sababu ya wingi wa pingili hizo aweza kujipinda apendavyo. Ana fuvu la kichwa, na ndani yake ubongo. Ana macho, moyo, damu nyekundu, ini na tumbo. Hupumua kwa mashavu yake kama samaki wengine. Chakula huingia kwa mdomo, na mabaki hutoka kwa njia nyingine. Anaweza kuogelea dhidi ya mkondo wa maji kwa siku nyingi, kwani anajua aendako.

Yavuyavu hana vingi katika hivyo nilivyovitaja, ingawa mdomo anao. Hana mfupa, hana moyo, hana damu, hana ubongo. Mwili wake ni tabaka mbili nyembamba za ngozi, na katikati yake umo ute mwingi. Sehemu kubwa ya uzito wake, yapata sehemu 95 katika 100, ni maji. Mdomo wake ni mlango mmoja tu, chakula huingilia humo na mabaki hutokea humo humo. Badala ya ubongo ana mishipa midogo ya fahamu iliyotandaa mwilini kama wavu. Hujisukuma kwa kujikunja na kujikunjua mfano wa mwavuli, lakini mkondo ukiwa na nguvu humchukua upendako. Silaha yake ni minyiri yenye vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kifuko kina uzi uliokunjwa wenye sumu. Kikiguswa hufyatuka. Hata yavuyavu aliyekwisha kufa mchangani aweza kukuchoma, kwa maana vifuko hivyo havingoji amri ya mwenyewe.

Hizo ndizo tofauti za mwili, na kila mwanafunzi wa leo anaweza kuzikariri katika muda wa saa moja. Basi kwa nini wataalamu wa kale walitatizika? Sababu ni hii: viumbe hawa wawili, walio mbali sana kwa maumbile, wanafanana katika jambo moja. Kila mmoja wao ana utoto uliofichwa. Mtoto wa mkunga hafanani na mkunga hata kidogo, na mtoto wa yavuyavu hafanani na yavuyavu. Aliyewaona watoto hao hakujua wazazi wao, na aliyewaona wazazi hakujua watoto wao wako wapi.

Katika lugha yetu neno mkunga lina maana mbili. Ni jina la samaki, na tena ni jina la mwanamke azalishaye wenziwe. Hapa pana ajabu kubwa, maana katika samaki wote hakuna aliyewatesa wataalamu kwa habari ya uzazi wake kuliko mkunga wa mitoni. Aristotle, mwanachuoni wa Ugiriki aliyeishi tangu mwaka 384 hadi 322 kabla ya Kristo, alikuwa mtu wa kupasua viumbe na kuvichungulia. Alipasua samaki wengi akaona mayai na shahawa, lakini katika mkunga hakuona kitu. Tena alisikia kwamba bwawa likikaushwa na tope lake likaondolewa, mvua inyeshapo mikunga huonekana tena. Kwa hiyo akaandika kwamba mikunga hawazaliwi na mikunga wenzao, bali hutokana na vitu kama nyungunyungu vitokeavyo vyenyewe katika tope na ardhi yenye unyevu.

Usimcheke, msomaji. Aliyoyaona yalikuwa kweli. Kosa lilikuwa katika maana aliyoyapa. Mkunga aliye mtoni au bwawani hana mayai yaliyopevuka, kwa sababu viungo vyake vya uzazi hukua wakati anapoanza safari ya kurudi baharini. Aristotle alitafuta kitu mahali pasipokuwa nacho, na baada ya kukikosa akasema hakipo kabisa. Baada yake alikuja Pliny wa Roma, katika karne ya kwanza, akasema kwamba mikunga hujikwaruza juu ya mawe, na vile vipande vya ngozi vibanduliwavyo hupata uhai. Maneno ya wakubwa hawa yaliheshimiwa kwa karne nyingi, na heshima hiyo ikawazuia watu wengine kutazama wenyewe.

Kwa habari ya yavuyavu na jamaa zake, Aristotle alisema kwamba wale viumbe wawashao wa baharini, ambao baadhi yao hushikamana na mawe, wana maumbile yaliyo baina ya mmea na mnyama. Neno hilo nalo liliishi muda mrefu. Hata mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Uswidi alipovipanga viumbe vyote katika kitabu chake, mkunga aliwekwa upande wa samaki, lakini yavuyavu alitiwa katika kundi kubwa la minyoo pamoja na viumbe vingine vingi laini visivyojulikana vyema. Jina alilopewa lilikuwa Medusa, nalo lilitoka katika hadithi ya Wagiriki ya mwanamke mwenye nywele za nyoka. Ukiitazama minyiri ya yavuyavu ikielea majini, utafahamu mara moja kwa nini jina hilo lilichaguliwa.

Aliyeufungua mlango wa kwanza alikuwa mwalimu. Abraham Trembley, mzaliwa wa Uswisi, alikuwa akiwafundisha watoto wawili wa tajiri mmoja huko Uholanzi. Mwaka 1740 aliteka maji ya mtaro, akaona ndani yake kitu kidogo cha kijani chenye minyiri. Hakujua kama ni mmea au mnyama. Akafanya jaribio ambalo hata mtoto angeweza kulifanya: alikikata vipande viwili. Kama ni mnyama, alifikiri, kitakufa. Kama ni mmea, kitachipuka. Kila kipande kilikua kikawa kizima! Hata hivyo aliendelea kutazama, akaona kwamba kitu kile kilitembea, kilikamata wadudu kwa minyiri yake, na kuwameza. Basi alikuwa mnyama, ingawa aliweza kuchipuka kama mti. Kiumbe huyo, aitwaye leo Hydra, ni jamaa ya yavuyavu. Tangu siku hiyo watu walijua kwamba mpaka uliowekwa na wazee wa kale baina ya mmea na mnyama ulihitaji kupimwa upya.

Aliyefuata alikuwa kasisi. Michael Sars wa Norwei aliishi katika pwani ya magharibi ya nchi hiyo, na baada ya kazi ya kanisa alipenda kuchunguza viumbe vya baharini. Mwaka 1829 aliandika juu ya viumbe wawili aliodhani ni wapya. Wa kwanza alikuwa kama kikombe kidogo kilichoshikamana na jiwe, kikiwa na minyiri kuzunguka mdomo wake. Wa pili alikuwa kama visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Sars alimpa kila mmoja jina lake. Lakini hakutosheka. Aliendelea kuwatazama mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwaka 1835 alitambua kwamba kile kikombe hugeuka kuwa visahani, na kwamba visahani hubanduka kimoja kimoja na kuogelea kwenda zao. Na kila kisahani alikuwa ni yavuyavu mchanga! Baadaye akaukamilisha mviringo: yai la yavuyavu huwa kiluwiluwi kidogo, kiluwiluwi hushikamana na jiwe na kuwa kikombe, na kikombe huzaa mayavuyavu tena. Mwaka 1842 Japetus Steenstrup wa Denmark aliliandikia kitabu jambo hili la vizazi kupokezana maumbo, mjukuu akafanana na nyanya yake wala asifanane na mama yake.

Mwaka 1849 ilitolewa makala ya kijana Mwingereza, Thomas Huxley, aliyekuwa msaidizi wa mganga katika meli ya kivita iliyopelekwa pande za Australia. Alikuwa amewapasua mayavuyavu safarini, akaonyesha kwamba miili yao imejengwa juu ya tabaka mbili, na kwamba hivyo ndivyo walivyo pia Hydra na jamaa zake. Kwa njia hiyo yavuyavu aliondolewa katika kundi la minyoo, akapewa ukoo wake mwenyewe pamoja na matumbawe yale yale yanayojenga miamba ya pwani yetu. Siri ya kwanza ilikuwa imefunuliwa.

Siri ya mkunga ilikuwa nzito zaidi. Katika karne ya 17 Francesco Redi wa Italia alisema kwamba mikunga hushuka baharini kuzaa, na watoto wao hupanda mito. Wavuvi wa Comacchio, karibu na bahari ya Adriatic, walikuwa na habari ya safari hiyo, maana waliweka mitego yao kuwanasa mikunga washukao katika usiku wa giza wa majira ya kupukutika majani. Lakini mayai yalikuwa wapi? Mwaka 1777 Carlo Mondini wa Bologna alitambua viungo vya uzazi vya mkunga jike. Ilipasa kungoja karibu miaka 100 nyingine kabla Syrski, mtaalamu wa Trieste, hajatangaza, mwaka 1874, kwamba ameona viungo alivyodhani ni vya dume.

Ili kuhakikisha neno la Syrski, profesa mmoja wa Vienna, Carl Claus, alimtuma mwanafunzi wake Trieste mwaka 1876. Claus mwenyewe alikuwa bingwa wa habari za mayavuyavu wa Adriatic; lakini kijana huyu alipewa mikunga. Alipasua mikunga wapatao 400, akavichungua kwa hadubini viungo vile alivyovitaja Syrski, wala hakuweza kutoa hukumu ya mwisho. Jina lake lilikuwa Sigmund Freud, naye baadaye alipata sifa duniani kwa elimu ya nafsi ya mwanadamu. Ukumbuke jambo hili utakapoona kazi yako ya darasani haileti jibu ulilolitaka. Freud aliandika alichokiona na akakiri pale ushahidi ulipokoma. Kazi ya namna hiyo haipotei. Ni jiwe moja katika ukuta unaojengwa na wengi.

Wakati huo huo, katika bahari ya Ulaya, kulikuwa na samaki mdogo aliyejulikana kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa bapa kama jani, na mwili wake ulikuwa wazi kama kioo, hata ungeweza kusoma maandishi kupitia mwilini mwake. Mwaka 1856 mtaalamu wa Kijerumani, Kaup, alimwita Leptocephalus brevirostris, yaani mwenye kichwa chembamba na pua fupi. Mtu amwonaye akielea majini angeweza kumdhania kuwa ni kipande cha yavuyavu kuliko kumdhania mkunga. Ndipo Giovanni Battista Grassi na mwenziwe Salvatore Calandruccio, wakifanya kazi katika kisiwa cha Sicily, waliwaweka samaki hao katika vyombo vya maji ya bahari na kuwangojea. Siku zilipopita, jani lile lilianza kupungua urefu na upana, likawa la mviringo, likawa mkunga mchanga. Habari hii ilitangazwa mwaka 1896. Samaki wa Kaup hakuwa samaki wa pekee. Alikuwa mtoto wa mkunga.

Je, huoni, msomaji, jinsi masimulizi haya mawili yanavyolingana? Sars alitoa majina mawili kwa kiumbe mmoja, kisha akajisahihisha mwenyewe. Kaup alimpa jina mtoto ambaye mzazi wake alikuwa na jina tayari, na wengine wakamsahihisha. Katika mambo yote mawili hakuna kifaa kikubwa kilichotumiwa. Kilichotumiwa ni chombo cha maji, jicho, na subira.

Lilibaki swali la mwisho: mikunga wa Ulaya huzaliwa wapi? Mwaka 1904 Johannes Schmidt wa Denmark, akiwa katika meli iitwayo Thor, alipata mtoto mmoja wa mkunga mwenye urefu wa milimita 77 upande wa magharibi wa visiwa vya Faroe. Akafikiri hivi: mtoto huzaliwa mdogo, kisha hukua kadiri achukuliwavyo na mkondo. Basi nikifuata njia ya wale walio wadogo zaidi, nitafika kitandani walikozaliwa. Kwa hoja hiyo nyepesi alianza kazi iliyomchukua karibu miaka 20. Alivuta nyavu zake tangu pwani za Ulaya mpaka Marekani, na akawaomba manahodha wa meli za biashara wamsaidie. Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 ilimkatiza. Ilipokwisha alirudi baharini. Kadiri alivyokwenda upande wa magharibi na kusini, ndivyo watoto walivyozidi kuwa wadogo, hata mwanzoni mwa miaka ya 1920 akawapata wenye milimita chache tu katika Bahari ya Sargasso, ile sehemu ya Atlantiki iliyojaa mwani ueleao. Kutoka huko mpaka mito ya Ulaya ni safari ipitayo kilomita 5,000.

Tena Schmidt aliwatenga mikunga wa Ulaya na wale wa Marekani kwa kuhesabu pingili za uti, kwa kuwa wa Marekani wana pingili chache zaidi. Kumbe kile kile kimtengacho mkunga na yavuyavu, yaani uti wa mgongo, ndicho kilichosaidia kumtenga mkunga na mkunga mwenziwe.

Usidhani kwamba kitabu kimefungwa. Ilikuwa mwaka 2009 tu wataalamu wa Japani walipopata baharini, magharibi ya visiwa vya Mariana, mayai ya mkunga wa nchi yao. Ilikuwa mwaka 2022 ndipo ulipotolewa ushahidi wa mikunga wakubwa wa Ulaya waliofungwa vyombo vidogo vya kuonyesha njia, na kufuatiliwa kutoka visiwa vya Azores mpaka ndani ya Bahari ya Sargasso. Mpaka leo hakuna aliyewaona mikunga hao wakizaa katika bahari hiyo.

Na yavuyavu, yule aliyedharauliwa na kutupwa na wavuvi, amewalipa wanadamu kwa njia wasiyoitazamia. Mwaka 1961 Osamu Shimomura, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliwakusanya maelfu ya mayavuyavu wang'aao ili ajue mwanga wao unatoka wapi. Kati ya vitu alivyovitoa mwilini mwao kimo kimoja king'aacho kwa rangi ya kijani, ambacho baadaye kilikuwa taa ya kuwaonyesha wataalamu mambo yatendekayo ndani ya chembe hai. Kwa ajili ya kitu hicho yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Huenda ukauliza: Haya yote ya Sicily na Sargasso yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Katika mito ya Kenya iingiayo Bahari ya Hindi, kama Tana na Athi, wamo mikunga wa ukoo ule ule, nao pia huzaliwa baharini na kupanda mitoni wakiwa wadogo. Mkunga wa namna hii ni mali ya bahari iliyokopeshwa mto, na mkopo huo hulipwa siku anaporudi kuzaa. Kila ukuta tujengao kuvuka mto ili tupate umeme na maji, kama ule wa Kindaruma uliokamilika mwaka 1968, una faida kubwa kwetu, lakini kwa mkunga ni mlango uliofungwa. Huko Ulaya, kwa sababu ya mabwawa, uvuvi, maradhi na uchafu wa maji, watoto wa mkunga wafikao pwani wamepungua kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100 tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na tangu mwaka 2008 samaki huyo amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Yavuyavu naye ana nguvu ya mnyonge. Jamaa zake walikuwako baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na bado wapo. Mwaka 2011 walikusanyika kwa wingi hata wakasimamisha kituo cha umeme cha Torness huko Scotland, kwa kuziba vichungio vya maji ya bahari. Asiye na mfupa aliisimamisha mitambo ya chuma, na mwenye pingili zaidi ya 100 anazuiwa na ukuta. Basi tusipime nguvu ya kiumbe kwa ugumu wa mwili wake.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoulizwa katika mtihani mkunga anatofautianaje na yavuyavu, jibu kwa uti wa mgongo, kwa moyo, kwa damu na kwa ubongo, nawe utapata alama zako. Lakini usiishie hapo. Fahamu kwamba kila neno moja katika jibu lako liligharimu maisha ya mtu fulani aliyeinama juu ya chombo cha maji, akakosea, akatazama tena. Aristotle hakukosa akili. Alikosa kumwona mkunga mahali pengine, katika wakati mwingine. Huenda kesho wewe utasimama kando ya mto wa kwenu na kuona jambo ambalo halimo katika kitabu chochote. Likitokea, usilidharau kwa sababu ya udogo wake, wala usilikatae kwa sababu wakubwa hawakulisema. Liandike, lipe tarehe, kisha rudi kesho yake ukatazame tena.